Silaha ya Uwindaji Mpakani: Leseni Hukoma Wapi?

Wakazi wengi wa kata za mpakani wana ndugu, malisho na masoko katika nchi mbili. Tangu Julai 2010, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limerahisisha safari za watu na bidhaa katika vituo kama Namanga. Urahisi huo haukugusa silaha. Bunduki iliyo halali Longido huwa haramu ifikapo Kajiado bila kibali cha Kenya, hata kama mmiliki wake ni yule yule.

Kosa hili hutokana na kuchanganya nyaraka tatu.

Ya kwanza ni leseni ya kumiliki silaha, inayosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Humtambulisha mmiliki na bunduki yake, lakini haimruhusu kuwinda.

Ya pili ni leseni ya uwindaji, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hii huruhusu kuwinda kwa masharti yaliyoandikwa tu, na nguvu yake ni ndani ya Tanzania.

Ya tatu ni kibali cha kuingiza au kutoa silaha nchini. Huombwa kabla ya safari, na huhusu bunduki pamoja na risasi. Anayetoka nchi moja kuingia nyingine huhitaji ridhaa ya nchi zote mbili. Mpakani, silaha hutajwa kwa maofisa kabla ya ukaguzi; namba yake na idadi ya risasi hulinganishwa na kibali.

Kwa upande wa Kenya lipo jambo zito zaidi: uwindaji wa kitalii wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo, hata mwenye kibali cha kupitisha bunduki hawezi kuitumia kumwinda mnyama aliyevuka. Tembo wa Amboseli hufika Enduimet na kurudi bila kujua mpaka. Mwindaji hana uhuru huo. Mnyama aliyejeruhiwa akivuka, mwindaji husimama upande wake na kutoa taarifa mara moja kwa ofisa wanyamapori.

Vijana wanaoajiriwa kubeba mizigo au kufuata nyayo wajihadhari zaidi. Kumvushia mgeni bunduki kwa njia ya mkato, hata kwa ujira mdogo, si msaada. Mgeni anaweza kuwa na nyaraka zote, lakini anayekutwa na silaha mkononi ndiye wa kwanza kuulizwa kibali.

Mkazi anayekusudia kusafiri na silaha aanzie kituo cha polisi cha wilaya, akiwa na leseni na bunduki ikiwa haina risasi ndani. Masuala ya uwindaji ayapeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Jibu likichelewa, safari iahirishwe au bunduki ibaki mahali salama palipoidhinishwa. Safari iliyoahirishwa hupangwa upya, kifungo hakiahirishwi.