Shamba la Shule Siyo Adhabu

Wenzangu wa ualimu, tuseme ukweli: wengi wetu shamba la shule tulilijua kwa jembe la adhabu. Umechelewa namba? Kalime! Wakati Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea (1967), alitaka shamba liwe sehemu ya masomo.

Kwenye mazoezi ya kufundisha niliwatoa kidato cha pili nje kwa kipindi cha biolojia. Wakaniuliza, "Mwalimu, tumekosa nini?" Swali hilo lilinichoma.

Tuling'oa shina la maharage, tukapasua vinundu vya kwenye mizizi. Ndani pinki: bakteria wako kazini, wananasa naitrojeni ya hewani. Binti mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana mama anachanganya maharage na mahindi!"

Lakini nilibahatisha tu. Sikuwa nimefundishwa kugawa wanafunzi 45 kwenye matuta, kuwapa kila kundi swali lake kabla ya kutoka, wala kubakiza dakika 10 za kujadili walichokiona. Nusu ya kipindi iliishia kwenye kelele.

Haya yanafundishika. Yale mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe tunayofanya ukumbini, angalau moja tulifanyie shambani. La sivyo, tutaenda kugawa majembe kama tulivyogawiwa.