SOMO LA PUMU NA DAWA YA KUFUNGUA KIFUA

Amma baadu. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa pumu ni maradhi ya mirija ya pumzi. Mirija huvimba kwa ndani, na misuli inayoizunguka hujikaza, njia ya hewa ikawa nyembamba. Ndipo kifua kikalia kama filimbi. Moshi, vumbi, baridi na mafua huichochea. Basi mwenye pumu aendaye kwa biashara Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, ambako usiku una baridi na wengi hupikia kuni, na ajihadhari, wala asiiache dawa yake nyumbani.

Katika vilima hivyo hupandwa buni, na ndani ya buni mna ibra. Kahawa tuinywayo barazani ina kafeini, na nduguye ni teofilini, aliyoivumbua Albrecht Kossel wa Ujerumani katika majani ya chai mwaka 1888. Umbo lao ni karibu moja: kafeini ina vikundi vitatu viitwavyo methili, teofilini ina viwili. Zote mbili hulegeza misuli ya mirija, na teofilini ina nguvu zaidi. Henry Hyde Salter, tabibu wa Uingereza, aliisifu kahawa kali kwa wenye pumu katika kitabu chake cha mwaka 1860.

Lakini usidanganyike ukaifanya kahawa kuwa dawa. Nguvu yake ni chache, na pumzi haingoji birika lichemke. Teofilini nayo, kipimo kiponyacho ki karibu na kipimo kidhurucho: ikizidi, huleta matapishi, moyo kwenda mbio na kifafa.

Kwa hiyo matabibu wa leo hutanguliza salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Huvutwa kwa pampu, na kila mvuto kwa kawaida ni maikrogramu 100. Hulegeza misuli kwa dakika chache, na nafuu yake hudumu kama saa 4 hata 6. Lakini haiondoi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na dawa nyingine ya kuvuta, ya jamii ya steroidi, aitumiayo mgonjwa kama alivyoagizwa, hata siku asiyoona taabu. Ukiona waihitaji salbutamoli mara kwa mara, jua maradhi yako hayajatulia, mwendee tabibu.

Suali: Mwenye kufunga Ramadhani akibanwa na pumzi, aiache pampu?

Jawabu: Asiiache. Maulamaa wamekhitalifiana kama mvuto huo wafuturisha au la. Lakini mgonjwa anayekhofia nafsi yake ana rukhsa ya kufungua, na kulipa siku nyingine. Na amuulize sheikh wake na tabibu wake kabla ya mwezi kuandama.

Na mtu akishindwa kumaliza maneno kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikageuka rangi, avute dawa yake na apelekwe hospitali saa ile ile. Kungoja asubuhi ni kuihatarisha roho.

Wallahu aalam.