Dondoo muhimu: Nguo za watoto mfuko ukikaza
Mtoto wa miaka miwili hajui chapa, anajua kinachombana. Kabla hujatoa pesa dukani:

• Pekua kabati kwanza. Zilizombana mpe mdogo wake au mtoto wa jirani.

• Nenda kwenye mitumba ya Karume, Ilala, asubuhi belo likifunguliwa. Vuta zipu, kagua mishono ya kwapani na mapajani.

• Fua, anika juani, piga pasi ndipo avae.

• Chukua saizi moja mbele. Fundi akunje pindo, aliachie mtoto akirefuka.

• Nguo ya sikukuu iwe moja, na ivaliwe hata siku nyingine.

Sare na viatu vya shule vitangulie. Jina la kampuni kifuani halimwongezei mtoto joto.