SOMO: Mizani iandike kilo yenyewe
Namna ya kuunganisha mizani ya depo na ordinatere ndogo



Msimu wa kahawa ukifika, magomvi mingi ya depo huanzia mahali pamoja: kilo. Mama anashuka mlimani na gunia lake. Mizani inaonyesha 31,4. Mpimaji anaandika 31 katika kaye. Hakuiba, amekata tu mkia wa namba, juu foleni iko ndefu na mvua inakuja. Lakini hesabuni wenyewe: gramu 400 zikipotea kila safari, na mama analeta kahawa mara 40 kwa msimu, ni kilo 16. Alizibeba mgongoni, hakuna aliyemlipa.

Njo maana leo tunajifunza kufanya mizani ipeleke kilo ndani ya ordinatere, bila kupitia kalamu. Mizani mingi ya umeme iko na tundu la pini 9 nyuma yake. Tundu hilo linaitwa porti ya seri: linapeleka namba kwa uzi, alama moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba.

VITU VINAVYOHITAJIKA
– Raspberry Pi 4: ordinatere nzima juu ya kibao kimoja, karibu na ukubwa wa karte ya uchaguzi.
– Kibao kidogo cha kugeuza nguvu ya umeme, kilichoandikwa MAX3232.
– Kablo ya pini 9 ya kutoka kwenye mizani.
– Nyuzi fupi nne.

1. ZIMA KWANZA, KISHA HESABU PINI
Raspberry Pi 4 iko na pini 40 katika safu mbili. Pini 1 iko upande wa kadi ya SD, safu ya ndani. Pini 2 iko kando yake, safu ya ukingoni. Kwa hiyo namba 1, 3, 5 ziko ndani; 2, 4, 6 ziko ukingoni. Sisi tunatumia nne tu:
– Pini 1: umeme wa volti 3,3.
– Pini 6: masi, yaani njia ya umeme kurudi.
– Pini 8: mdomo. Hapa ordinatere inasema. Imeandikwa TX.
– Pini 10: sikio. Hapa inasikia. Imeandikwa RX.

Pini 2 na 4 ziko na volti 5. Hizo hapana gusa. Mdomo na sikio vya Raspberry Pi vinavumilia volti 3,3 tu.

2. USIUNGANISHE MIZANI MOJA KWA MOJA
Hapa njo pahali watu wanapoteza pesa. Tundu la pini 9 la mizani linafuata desturi ya zamani inayoitwa RS-232. Umeme wake unaweza kufika volti 15, tena unageuka kuwa chini ya sifuri. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, niliona nyuzi tatu hapa na nyuzi tatu pale, nikasema zinafanana, nikaunganisha. Kibao kilikufa palepale bila moshi, bila harufu. Nililazimika kurudi mbele ya komite kueleza.

MAX3232 inakaa katikati na kupunguza nguvu hiyo. Uipe umeme kutoka pini 1 (volti 3,3), si volti 5, kwa sababu nguvu unayoipa njo itapeleka kwenye sikio la Raspberry Pi.

3. FUNGUA MLANGO KATIKA PROGRAMU
Kwa kawaida ordinatere hii haiachi pini 8 na 10 wazi kwa kazi yetu. Washa bila kuunganisha mizani, fungua dirisha la amri, andika:

sudo raspi-config

Ingia «Interface Options», kisha «Serial Port». Itauliza maswali mawili. La kwanza: unataka watu waingie katika ordinatere kwa njia ya porti hii? Jibu HAPANA. La pili: unataka porti yenyewe ifanye kazi? Jibu NDIYO. Wengi wanajibu ndiyo mara mbili. Ordinatere inaanza kusema maneno yake mwenyewe kwa mizani, na kilo hazisomeki vizuri. Zima, washa tena.

4. JARIBU BILA MIZANI
Ukiwa umezima, unganisha pini 8 na pini 10 kwa uzi mmoja: mdomo na sikio vya mtu yuleyule. Washa, weka programu ya minicom kama haiko, kisha andika:

minicom -b 9600 -D /dev/serial0

Gonga herufi. Zikionekana kwenye kioo, porti iko nzima. Zisipoonekana, rudi hatua ya 3 au hesabu pini upya. Kutoka: Ctrl na A, kisha X. Zima, toa uzi ule.

5. SASA LETA MIZANI
Masi kwa masi. Mdomo wa mmoja uingie katika sikio la mwingine. Katika kitabu cha mizani tafuta mwendo wa kupeleka namba. Weka 9600, biti 8, bila «parity». Hiyo ya mwisho ni lazima: porti ya kawaida ya Raspberry Pi 4 haijui parity. Fungua minicom, weka gunia juu ya mizani, angalia kioo.

KOSA LINAJIONYESHA HIVI
– Hakuna kitu: zima, badilisha uzi wa mdomo na wa sikio upande wa Raspberry Pi. Tazama pia kama mizani inangoja kitufe kibonyezwe ndipo ipeleke kilo.
– Alama za ajabu: mwendo wa mizani na wa ordinatere hautofautiani bure, fanya yote iwe 9600.
– Namba zinakuja na kukatika: masi haikushika.

Ili kilo zibaki, ongeza mwishoni mwa amri ya minicom: -C kilo-lundi.txt. Kila siku jina jipya.

MASHINI HAIMALIZI UAMINIFU
Ordinatere inaandika kile mizani inasema. Mizani ikidanganya, uongo utaandikwa safi sana. Kila asubuhi, mbele ya wakulima wawili, wekeni bidoni tupu, rudisheni mizani kwenye sifuri, mimineni litre 20 za maji zilizopimwa. Isomeke karibu na kilo 20. Na kaye isitupwe: umeme ukikatika, kalamu inarudi kazini, lakini sasa iandike na mkia wa namba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI
1. Kwetu, nani anaandika kilo, na nani anamwangalia?
2. Kwa nini MAX3232 haipewi volti 5?
3. Ufunguo wa sanduku la ordinatere ukae kwa nani: mpimaji, prezida, ao mtu wa komite ya kontrole?

Katika somo lijalo tutaona namna ya kuunganisha kila kilo na jina la mkulima. Kazi njema.