Kununua Pagala Dhahabu Ikipoa

Agosti 2020, korona ikiwa imebana biashara duniani kote, wakia ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Huku kwetu kwenye machimbo, ukiwa na fedha za kununua nyumba, usiongozwe na taarifa za uchumi wa dunia peke yake. Ugumu wetu huingia kwa mlango mwingine: duara la wachimbaji limejaa maji, rashi ya dhahabu imehamia kijiji kingine, mgodi mkubwa umefungwa. Mgodi wa Bulyanhulu ulitangaza kupunguza shughuli zake Septemba 2017, miezi michache baada ya serikali kuzuia makinikia kwenda nje. Ule wa Buzwagi, pale Kahama, ulimaliza uzalishaji 2021. Anayetegemea mishahara ya mgodi, na mwenye nyumba anayemtegemea huyo, huyumba kwa pamoja.

Ndipo mapagala yanapoingia sokoni. Unakuta kuta za tofali za kuchoma zimefika linta, nyasi zimeota sebuleni, na mwenyewe anataka nauli na ada ya shule. Bei inavutia. Lakini kabla ya kumjibu dalali, jiulize nani atapanga hapo dhahabu isiporudi.

Chukua mfano wa Ushirombo: ina jibu ambalo kambi ya wachimbaji haina. Ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, kwa hiyo kuna watumishi, walimu na wauguzi. Tena iko kwenye barabara ya Isaka kwenda Lusahunga, inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi. Mimi ningechukua vyumba vinne vya kawaida karibu na shule au hospitali, nikaiacha nyumba ya kifahari iliyojengwa kumngojea mnunuzi wa dhahabu.

Nenda mtaani saa mbili usiku, uhesabu madirisha yenye taa. Kama nyumba tayari ina umeme, omba kuona risiti za LUKU za miezi sita: wapangaji wa kubuni hawanunui umeme. Rudi tena mvua ikinyesha. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na ufa unaoanzia kwenye msingi hauzibwi kwa plasta.

Kisha piga hesabu kwa miezi kumi, si kumi na miwili. Tuseme kila chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Vyumba vinne vitaleta 1,600,000 kwa mwaka. Kama kununua na kumalizia kutakula milioni 16, fedha yako itarudi kwa miaka kumi, bado hujatoa kodi ya serikali na ukarabati. Ukiona ni mingi, shusha bei unayotoa. Usipandishe kodi ya pango kwenye karatasi. Na usikope kwa kazi hii. Marejesho ya benki hayasubiri mpangaji apate kazi nyingine.

Upande wa nyaraka usione haya kuuliza. Mweke muuzaji na mwenza wake mbele yako, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kiwanja kilichopimwa, kihakiki ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ardhi ya kijiji, pita kwenye halmashauri ya kijiji yenyewe. Muhuri wa mwenyekiti peke yake usikutoshe. Ukiwa karibu na maduara, fika pia ofisi ya madini uulize kama eneo lina leseni ya mtu. Hati ya ardhi haikupi dhahabu iliyo chini yake.

Siku ya kulipa, pitisha fedha benki ili ibaki kumbukumbu, na usimalize zote. Weka kando za bati, milango na choo. Pagala likikaa masika mengine bila paa, kuta huanza kuharibika, na utajikuta unabomoa ulichonunua.