Insha ya Maombi ya Chuo Kikuu: Namna ya Kuonyesha Kufaana

Mwanafunzi wa Tanzania amalizaye kidato cha sita haulizwi na chuo kikuu cha nchini mwake kwa nini anakitaka. Huulizwa amefaulu masomo gani na kwa alama zipi, nayo maombi yake hupimwa kwa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Iliwahi kuwa vingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mwombaji awe amefanya kazi kwanza, kisha aletewe mapendekezo na mahali pa kazi na chama. Lakini hata wakati ule walioeleza kama anafaa au hafai walikuwa watu wengine. Yeye mwenyewe hakutakiwa kujieleza kwa maandishi marefu. Utaratibu huo ulikwisha kuachwa, na mahali pake hapakuwekwa insha.

Kwa sababu hiyo kijana wa Kasense, kata iliyomo katika Manispaa ya Sumbawanga, anapofungua fomu ya chuo kikuu cha Marekani hukutana na swali ambalo hakuna darasa lililomfundisha kulijibu. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichopo mjini Madison, kwa mfano, katika miaka ya karibuni kimekuwa kikimtaka mwombaji aeleze kwa nini anapenda kusoma hapo na kwa nini amechagua somo alilolichagua. Chuo hicho kina wanafunzi zaidi ya 45,000. Mtu aliyekulia juu ya uwanda wa Ufipa na asiyepata kukiona hata mara moja atasemaje kwamba yeye na chuo hicho wanafaana?

Uingereza jambo hili lina sura nyingine, na inafaa litajwe upesi ili mwanafunzi asichanganye. Huko maelezo ya mwombaji ni mamoja tu, nayo hupelekwa kwa vyuo vyote alivyochagua, visivyozidi vitano kwa kawaida. Hapana nafasi ya kukisifu chuo kimoja. Linalotakiwa ni kuonyesha kwamba mwombaji na somo lake wanafaana. Swali la chuo chenyewe ni la Marekani zaidi, na ndilo linalowashinda wengi.

Maana ya kufaana

Mkulima anayetafuta mpini hautazami urefu wake wala wororo wake peke yake. Hutazama msuka wa jembe alilo nalo, kisha hutoboa mpini kwa kipimo cha msuka huo. Mpini mzuri uliotobolewa kwa kipimo cha jembe la jirani utalegea siku ya kwanza ya kulima. Insha nyingi za maombi ni mipini ya namna hiyo: zimepigwa msasa zikang'aa, lakini hazishiki jembe lolote.

Mfano wa insha kama hizo ni huu, uliotungwa kwa ajili ya somo hili:

"Chuo chenu ni maarufu duniani kote. Kina walimu mahiri, maabara za kisasa na wanafunzi kutoka mataifa mengi. Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma chuoni kwenu ili nirudi kuisaidia nchi yangu."

Hakuna uongo hapa, wala hakuna kosa la sarufi. Ubaya ni kwamba jina la chuo likifutwa na kuandikwa jingine, maneno yote yatabaki kuwa kweli; na jina la mwombaji likifutwa na kuandikwa la mwenzake wa dawati la pili, yatabaki kuwa kweli vilevile. Msomaji wa maombi, ambaye siku hiyo amekwisha kusoma mengine mengi, hakuambiwa lolote. Kuhusu sifa za chuo, hizo anazijua kuliko mwombaji.

Sasa na utazamwe mfano wa pili, nao pia wa kutungwa:

"Bibi yangu hufukia nyasi ndani ya matuta ya duara tunayoyaita ntumba, na hakubali kupanda ulezi kabla nyasi hazijaoza. Nilipomuuliza sababu alisema udongo bado una njaa. Mwaka jana nilipanda ulezi katika tuta changa na katika tuta lililooza. Ule wa tuta changa uligeuka manjano katika majuma machache. Nataka kujua udongo ule ulikuwa na njaa ya nini, na njaa hiyo huchukua siku ngapi kwisha katika baridi ya Ufipa."

Kinachotofautisha mifano hii miwili si ufasaha, maana wa pili una maneno ya kawaida kabisa. Wa pili una swali, na swali hilo ni la kisayansi kweli. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Bakteria na kuvu wanaoziozesha huhitaji nitrojeni ili kujenga miili yao, na wasipoipata ya kutosha ndani ya nyasi huichukua ile iliyomo udongoni. Mmea uliopandwa wakati huo hushindana nao na kushindwa. Majani yake hupauka na kuwa manjano. Baadaye, nyasi zikiisha kuoza na vijidudu hao wakianza kufa, nitrojeni hurudi udongoni na mmea hunawiri. Maharagwe huweza kuvumilia zaidi, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake vina bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Bibi wa mfano huu hakukosea: udongo ulikuwa na njaa.

Wafipa wamelima kwa ntumba kwa vizazi vingi, na wataalamu wa nje wameandika juu ya kilimo hicho. Hata hivyo mwanafunzi wa Sumbawanga mara nyingi hudhani kwamba mambo ya shambani kwao hayana hadhi ya kutajwa mbele ya chuo kikuu, akayaficha na kuandika juu ya "teknolojia ya kisasa" ambayo hajapata kuigusa. Hapo hujinyima kitu pekee ambacho waombaji wengine hawana.

Kutafuta upande wa pili

Swali peke yake ni nusu ya kazi. Kufaana kuna pande mbili, na upande wa chuo lazima utafutwe kwa bidii ileile iliyotumika shambani. Chuo kikuu kikubwa hakisomwi chote. Mwanafunzi atapita katika sehemu ndogo tu ya chuo hicho. Basi mwombaji hana haja ya kukijua chuo kizima. Anahitaji kuijua ile sehemu ambayo swali lake litapata watu wa kulishughulikia.

Kwa mwenye swali la ntumba, Madison ina historia ya kuvutia. Mwaka 1888 chuo hicho kilimpa Franklin Hiram King kazi ya kufundisha fizikia ya kilimo, na uchunguzi wake wa maji na hewa katika udongo ulimpatia sifa. Mwaka 1909, akiwa amekwisha kuacha kazi chuoni, alisafiri China, Korea na Japani ili kuona jinsi wakulima wa huko walivyotunza rutuba ya mashamba yao kwa karne nyingi kwa kutumia mboji, samadi na matope ya mifereji. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1911, mwaka aliofariki. Laiti angefika Ufipa! Aidha, katika miaka ya 1930 watu wa chuo hicho walianza kuotesha upya mbuga ya nyasi za asili katika shamba lililokuwa limelimwa, kazi inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake duniani. Kijana atokaye katika uwanda wa nyasi ana la kuuliza hapo.

Lakini historia haitoshi. King hatamfundisha mtu yeyote leo. Mwombaji hana budi kufungua orodha ya masomo ya mwaka huu, aone elimu ya udongo inafundishwa katika idara ipi, somo lipi liko wazi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kemia gani hutangulia. Majina ya idara hubadilika na idara huunganishwa. Insha inayotaja idara iliyokwisha kufutwa huonyesha kwamba mwandishi alinakili mahali. Vilevile si busara kutaja maprofesa watano kama atajaye masahaba. Mmoja atosha, endapo kazi yake imesomwa na inahusu swali. Katika miaka miwili ya mwanzo huenda mwanafunzi asimwone kabisa.

Ukubwa wenyewe

Hapa pana jambo ambalo waombaji wengi huliruka. Chuo kikubwa kina desturi zake, na si kila mtu anafaana nazo. Kemia ya mwaka wa kwanza yaweza kufundishwa katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi. Mwalimu hatajua nani hayupo. Mafunzo ya vikundi vidogo huendeshwa mara nyingi na wasaidizi ambao wenyewe bado wanasomea shahada za juu. Profesa ana saa maalumu za kupokea wanafunzi ofisini, na asiyekwenda hatafuatwa. Kwa upande mwingine kuna maktaba, vifaa na wataalamu wa fani ambazo chuo kidogo hakiwezi kuzimudu.

Kijana aliyesoma shule ya kutwa yenye darasa la wanafunzi themanini anaifahamu hali hii kuliko anavyodhani. Ikiwa alizoea kumfuata mwalimu baada ya vipindi, ikiwa aliunda kikundi cha kujisomea na kugawana kitabu kimoja kwa zamu, basi amekwisha kuishi katika mahali pakubwa penye vitu vichache, na alijua njia ya kujitafutia. Hilo liandikwe, kwa tukio moja lililo wazi, bila kujisifu na bila kulia. Maelezo ya dhiki yasiyokuwa na tendo ndani yake humfanya msomaji ahurumie, hayamwonyeshi mwanafunzi.

Mfano wa kweli

Kwamba swali la Ufipa laweza kupata makao katika chuo kikubwa cha ng'ambo si jambo la kubuni. Katika eneo hili mafundi wa zamani waliyeyusha chuma kwa tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizofikia mita 3 hivi na kuvuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo za vintengwe. Mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda alichunguza ufuaji wa chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania, pamoja na mabaki ya Nkasi karibu na Ziwa Tanganyika, na kwa utafiti huo alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. Florida ni mbali sana na Nkasi. Lakini huko alikuwako Peter Schmidt, aliyekuwa amechunguza uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, na ambaye pamoja na Donald Avery alichapisha matokeo yake katika jarida la Science mwaka 1978. Msuka na tundu la mpini vilikutana. Hiyo ni ngazi ya uzamivu, ambako mambo hupimwa kwa ukali zaidi. Kanuni lakini ni ileile kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Mambo ya kuangaliwa na mwalimu

Kwanza fedha, maana wapo waliokesha wakiandika insha nzuri kwa chuo wasichoweza kukilipia. Vyuo vya umma vya majimbo ya Marekani, ambavyo ndivyo vikubwa zaidi, kwa kawaida huwapa wageni msaada mdogo kuliko baadhi ya vyuo binafsi. Gharama na ufadhili viulizwe kabla ya kalamu kushikwa. Ada ya maombi nayo huweza kusamehewa na vyuo kadhaa kwa asiye na uwezo, ila ni lazima kuomba.

Pili, mkono wa mwalimu. Siku hizi zipo insha zinazouzwa, na zipo programu za kompyuta zinazoandika insha kwa dakika moja. Programu haikupanda ulezi katika tuta changa; itakachotoa kitafanana na mfano wa kwanza hapo juu, kwa Kiingereza kizuri zaidi. Mwalimu naye aweza kuharibu kwa nia njema, akisahihisha hadi sauti ya mtoto ikapotea. Afadhali aulize: Hili uliliona wewe? Lini? Ukafanya nini? Na kwa kuwa mwalimu huyo mara nyingi ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo, aweke katika barua yale ambayo mwanafunzi hakuyasema.

Insha itaandikwa kwa Kiingereza, lakini rasimu ya kwanza ni vema iandikwe kwa lugha ambayo mwanafunzi hufikiri kwayo, iwe Kiswahili au Kifipa. Swali lililoeleweka kwa Kifipa litaelezeka kwa Kiingereza chepesi. Lisiloeleweka halitaokolewa na msamiati mgumu.

Zoezi

Kila mwanafunzi aandike swali moja ambalo ameliona nyumbani, shambani, ziwani au sokoni na ambalo hakupata jibu lake katika kitabu cha shule. Aongeze sentensi tatu: aliliona wapi, alijaribu nini, na bado hajui nini. Kisha atafute katika orodha ya masomo ya vyuo viwili, kimoja cha Tanzania, kama vile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kimoja cha nje, mahali ambapo swali hilo lingeshughulikiwa, naye aandike aya moja kwa kila chuo. Darasa libadilishane karatasi zikiwa zimefutwa majina ya vyuo na ya waandishi. Msomaji akiweza kukisia aya ni ya nani na ya chuo kipi, karatasi irudishwe kwa mwenyewe aiendeleze. Asipoweza, mwandishi arudi kwanza kwenye swali, kabla ya kugusa sentensi yoyote.