Mtoto Anapouliza "Kwa Nini?": Jinsi Watoto na Vijana Wanavyojifunza Kupima Hoja



Katika somo hili tunajibu swali ambalo wazazi na makatekista wengi wanalo: mtoto huanza lini kufikiri kimantiki, na sisi tunaomlea tuna kazi gani hapo? Mifano mingi tumeitoa Tandale, wilaya ya Kinondoni, ambako baadhi yetu waseminari tunafanya utume na watoto wa Utoto Mtakatifu na vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: uwezo wa kupima hoja haumjii mtoto siku moja anapotimiza umri fulani. Mbegu yake ipo mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani, lakini haikomai vizuri bila mtu wa kumwuliza mtoto sababu na kumsikiliza anapojibu.

1. Mantiki ni nini?

Katika masomo ya falsafa tunakutana mapema na mantiki ya Aristotle. Kufikiri kimantiki ni kutoka kwenye mambo tunayoyajua hadi kwenye jambo jingine, kwa namna ambayo yale ya kwanza yakiwa kweli, hili la mwisho haliwezi kuwa uongo. Kwa mfano: maduka yote ya uchochoro huu yamefungwa, duka la Mangi liko uchochoro huu, basi duka la Mangi limefungwa. Hatukuhitaji kwenda kuangalia. Mtoto aliyetumwa chumvi anaweza kuifikia hoja hiyo kabla hajajua kusoma. Mantiki si mali ya waliosoma peke yao. Shule huinoa tu.

2. Umri wa kutumia akili

Kanisa limelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Kanuni ya 97 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba mtoto akishatimiza miaka 7 huchukuliwa kuwa na matumizi ya akili. Kabla ya hapo, tarehe 8 Agosti 1910, hati ya *Quam Singulari* iliyotolewa wakati wa Papa Pius X ilieleza kuwa umri wa kupambanua kwa ajili ya Kitubio na Komunyo ni karibu miaka 7, kwa wengine baadaye kidogo na kwa wengine mapema. Hati hiyo haikudai mtoto awe mwanateolojia. Ilitaka aweze kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, kadiri ya uwezo wake.

Tuzingatie neno "huchukuliwa". Sheria inakadiria. Haisemi kwamba akili ilikuwa imelala hadi siku ya kuzaliwa ya saba, wala kwamba baada ya siku hiyo kazi imekwisha.

3. Piaget na hatua za akili

Mtafiti aliyejulikana zaidi katika jambo hili ni Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980). Aligawa ukuaji wa akili katika hatua nne: mtoto mchanga anayejifunza kwa kugusa na kusogea hadi karibu miaka 2; kisha hadi karibu miaka 7, mtoto anayeongea na kuigiza lakini anayetekwa na kile anachokiona; kisha hadi miaka 11 hivi, mtoto anayefikiri kwa mpango juu ya vitu vinavyoonekana; na baada ya hapo, kijana anayeweza kufikiri juu ya yanayowezekana tu.

Tunaweza kuziona hatua hizi kwenye genge lolote la Tandale. Panga nyanya tano kwa mstari, na nyingine tano mbele yake. Mtoto wa miaka 4 atakubali kuwa ni sawa. Sasa tawanya mstari mmoja uwe mrefu, kisha uliza tena. Mara nyingi atasema mstari mrefu una nyanya nyingi zaidi. Mtoto wa miaka 8 atakushangaa: "Si ni zilezile, umezitawanya tu!" Katika neno hilo "tu" kuna hoja nzima: hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa, basi idadi haijabadilika.

Kwa kijana, Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder walitumia jiwe linaloning'inia kwenye kamba. Je, kasi ya kwenda na kurudi inategemea urefu wa kamba, uzito wa jiwe, au nguvu ya kulisukuma? Mtoto hubadilisha mambo mawili kwa pamoja na kuchanganyikiwa. Kijana hubadilisha moja na kuyaacha mengine yalivyo, na hapo hugundua kuwa ni urefu wa kamba. Vijana wetu hufanya hivyo kila siku simu inapokataa kuingiza chaji: hubadilisha chaja kwanza, simu na soketi zikiwa zilezile, kisha soketi, ndipo hulaumu simu.

4. Mahali ambapo Piaget alisahihishwa

Watafiti waliofuata walionyesha kuwa watoto wadogo wanajua zaidi ya walivyoonekana. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Scotland walirudia jaribio la mistari miwili, lakini safari hii aliyeuvuruga mstari alikuwa mdoli mtundu wa dubu, si mtu mzima. Watoto wengi zaidi walijibu vizuri. Sababu moja inayotolewa ni hii: mtu mzima akigusa vitu kwa makusudi kisha akauliza swali lilelile mara ya pili, mtoto hudhani anatakiwa abadilishe jibu. Alikuwa anamsoma mkubwa badala ya kuzisoma nyanya. Katekista anayesema "una uhakika?" kwa sauti nzito afahamu kwamba huenda anapima woga, si akili.

Mwaka 1988 Maria Dias na Paul Harris walichapisha utafiti uliotumia hoja za ajabu kama hii: paka wote hubweka, Rex ni paka, je, Rex hubweka? Watoto wadogo walipoulizwa hivihivi mara nyingi walikataa, kwa sababu wanajua paka hulia nyau. Lakini walipoambiwa kwanza kuwa ni mambo ya kuigiza, walifuata hoja mpaka mwisho. Sisi Waswahili hatushangai. Bibi akisema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", kila mmoja anajua kwamba sasa sungura anaweza kuongea, na kwamba akiongea lazima mambo yafuatane. Hadithi ilikuwa shule ya mantiki kabla ya shule.

Piaget mwenyewe, mwaka 1972, alikiri kwamba hatua ya mwisho haifikiwi na wote kwa namna moja. Watu huifikia zaidi katika mambo waliyoyazoea, kwa mfano kazi yao. Fundi magari anaweza kupima hoja kwa ukali mbele ya injini, na kushindwa mbele ya karatasi.

5. Mtoto wa sokoni

Hili linatuhusu sana. Tandale ina soko kubwa la nafaka, na watoto wengi hapo huuza, hutumwa dukani na kuhesabu chenji. Huko Recife, Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuatilia watoto 5 wauzaji, wa miaka 9 hadi 15, na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Penye biashara yao watoto walipata zaidi ya asilimia 98 ya hesabu. Hesabu zilezile zilipoandikwa kama za darasani, walipata karibu asilimia 37. Akili ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuulizwa.

Hapa kwetu upo utafiti wa Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg, Elena Grigorenko, Damaris Ngorosho na wenzao. Watoto zaidi ya 400 wa shule za msingi za vijijini walipewa kazi za kupanga vitu katika makundi, kufikia hitimisho kutoka kauli zilizotolewa, na kugundua kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali. Baadhi yao kisha walipewa mafunzo mafupi, chini ya saa moja, wakapimwa tena. Waliofundishwa walisonga mbele kuliko wasiofundishwa, na alama za mara ya kwanza hazikutosha kutabiri nani angefanya vizuri baadaye. Ndugu msomaji, tukimpima mtoto mara moja na kumwita mzito, tumepima yale aliyopewa, si yale anayoweza.

6. Kijana, na hoja inayoumiza

Sasa tufike mahali penye uzito. Chukua hoja hii: mvua ikinyesha, uchochoro hujaa maji, uchochoro umejaa maji, basi mvua imenyesha. Je, ni sahihi? Watoto wengi husema ndiyo, na watu wazima wengi pia. Lakini bomba linaweza kuwa limepasuka. Akili inayokomaa ni ile inayojiuliza: kuna sababu nyingine?

Kosa hili dogo huzaa machungu makubwa. "Mungu akikubariki unapata mali, yule amepata mali, basi Mungu amembariki." Na upande wa pili: "Mwenye dhambi huteseka, huyu anateseka, basi ametenda dhambi." Ndivyo rafiki zake Ayubu walivyofikiri, na Mungu aliwakemea (Ayubu 42:7). Ndivyo mitume walivyomwuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akaikataa hoja yote (Yohana 9:1–3). Kijana ambaye nyumba yao imeingiliwa na maji ya Mto Ng'ombe, au ambaye mama yake ni mgonjwa, akibaki na hoja hiyo atahitimisha kwamba Mungu amewachukia. Atamwendea yeyote anayeuza muujiza. Na anayebeti atasema, "Timu yangu imefungwa mara nne, leo lazima ishinde," kisha ataweka nauli yake kwenye mkeka.

Kijana huyo akiuliza kwa nini Mungu anaruhusu haya, tusimwambie "usibishane na Mungu." Ameanza kutumia kile alichopewa. Mtakatifu Toma wa Akwino katika *Summa* yake huanza kila suala kwa kupanga hoja zinazompinga, kisha ndipo hujibu. Na Yesu alipokuwa na miaka 12 alikutwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Luka 2:46). Ni umri uleule wa vijana wetu wa Kipaimara.

7. Tufanye nini?

Kwanza, baada ya jibu la katekisimu, tuulize "kwa nini?" na tusubiri. Kukariri kuna faida yake, maana mtoto hawezi kupima asichokijua. Lakini tusiishie hapo.

Pili, turudishe vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anayesema "kaburi" apewe nafasi ya kutetea jibu lake kabla ya kuambiwa ni yai. Drafti ya vizibo pia inafaa: "Nikienda hapa, atanila wapi?"

Tatu, tutumie mifano ya genge, duka na chenji kabla ya maneno ya kitabuni.

Nne, tusimwadhibu mtoto kwa swali. Heshima kwa wakubwa ina nafasi yake. Mtoto anaweza kusema "Shikamoo, mama, naomba kuuliza," na mama akamjibu kwa sababu, au akasema, "Sijui mwanangu, twende tukamwulize katekista."

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Ni swali gani la mtoto ulilolizima wiki hii, na lilikuwa linatafuta nini?
2. Je, katika mtaa wetu kuna familia inayohukumiwa kwa hoja ya rafiki zake Ayubu? Tutaisaidiaje?
3. Katika mafundisho ya parokia yetu, mtoto hupata nafasi gani ya kueleza sababu kwa maneno yake mwenyewe?

Mtume Petro anatutaka tuwe tayari daima kumjibu kila anayetuuliza sababu ya tumaini letu, kwa upole na heshima (1 Petro 3:15). Watoto wa Tandale wataulizwa siku moja, kazini, sokoni au kitandani hospitalini. Tuwazoeze sasa.